Mahali pa Kitufe

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilikuwa ikiharibikiwa na ndege zake za mabomu, B-17, mahali ambapo adui hakuwapo. Ndege ilikuwa imekwenda na kurudi, imegusa ardhi salama, mbio zinapungua. Kisha, ikiwa bado iko kwenye njia ya kutulia, magurudumu yakajikunja na tumbo la ndege likaburuzika chini. Ripoti ziliandika kwamba rubani amekosea, na faili likafungwa.

Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia kijana aliyefanya kazi katika maabara ya tiba ya anga pale Wright Field, jimbo la Ohio, hakuridhika. Alikwenda kukagua chumba cha rubani, akakuta swichi mbili zinazofanana, zimekaa ubavu kwa ubavu. Moja ilikunja magurudumu. Nyingine iliendesha flapu, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa ambavyo rubani huvishusha anapotua na kuvirudisha baada ya kutua. Mtu aliyetoka vitani, amechoka, macho yake yako nje ya kioo, alinyoosha mkono kurudisha flapu akashika swichi ya jirani. Ndege ya uchukuzi ya C-47 haikuwa na ajali za namna hiyo, kwa kuwa vidhibiti vyake viwili havikufanana wala havikuendeshwa kwa namna moja. Chapanis akapendekeza kidhibiti cha magurudumu kipachikwe kigurudumu kidogo cha mpira, na cha flapu kipachikwe kipande chenye umbo la kabari, ili vidole vitambue vimeshika nini hata bila macho. Dawa hiyo ilifanya kazi, na hadi leo vidhibiti vya ndege hutofautishwa kwa umbo namna hiyo.

Historia ya vitufe vya kwenye tovuti naianzia huko, kabla hata ya kompyuta yenye kioo, kwa sababu swali alilouliza Chapanis ndilo ambalo mahakama na wadhibiti wa Ulaya na Marekani wanauliza leo: mtu akibonyeza asichokusudia, ni nani aliyekiweka pale?

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones, nao wakiwa Wright Field, walichambua makosa 460 ambayo marubani walisimulia kuhusu kuendesha vidhibiti. Takriban nusu yalikuwa ya aina moja: mkono ulishika kidhibiti kingine ukidhani umeshika ulichokitaka. Fitts hakuliacha jambo hilo. Mwaka 1954, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alichapisha jaribio ambalo limedumu kuliko takriban kila kilichoandikwa katika fani hiyo. Aliwapa watu kalamu ya chuma na mbele yao akaweka vibao viwili vya chuma. Kazi ilikuwa kugonga kibao cha kushoto, kisha cha kulia, kisha cha kushoto, upesi iwezekanavyo bila kukosa. Alibadilisha upana wa vibao na umbali kati yake, akapima.

Alichokipata ni kanuni inayobeba jina lake. Muda wa mkono kufikia shabaha unategemea umbali wa shabaha na upana wake, vyote viwili kwa pamoja. Ukiongeza umbali maradufu na upana maradufu, muda haubadiliki. Ukiongeza umbali peke yake maradufu, muda huongezeka kwa kipimo kilekile kila mara, haurudufu. Kwa lugha ya kazi: kitu kipana kilicho karibu hushikwa upesi na bila kosa, kitu chembamba kilicho mbali hushikwa kwa taabu, na wengi hukikosa. Mwaka 1978 Stuart Card, William English na Betty Burr, watafiti wa kampuni ya Xerox huko California, walionyesha kwamba kipanya cha kompyuta kinatii kanuni hiyohiyo. Mkono unaosukuma mshale juu ya kioo hauna tofauti kubwa na mkono unaogonga kibao cha chuma.

Waliounda kompyuta ya Macintosh, iliyotoka 1984, waliitumia elimu hiyo vizuri. Orodha ya amri waliiweka kwenye ukingo wa juu kabisa wa kioo. Mshale ukifika ukingoni husimama, kwa hiyo mtumiaji anaweza kuusukuma kwa nguvu apendavyo bila kupitiliza. Shabaha nyembamba inageuka kuwa ndefu isiyo na mwisho. Huu ndio ufundi wa kupanga vitu ukiwa bado mtumishi wa mkono wa mwenye kompyuta.

Palepale ukazuka mgawanyiko ambao haujaisha. Programu inapouliza swali, Apple iliweka kitufe cha kuthibitisha kulia kabisa, na cha kughairi kushoto kwake. Microsoft, katika Windows, ikatanguliza cha kuthibitisha na kufuatisha cha kughairi. Hoja ya kwanza inasema jicho likimaliza kusoma huishia kulia, basi kitendo kikae hapo. Hoja ya pili inasema mtu husoma kuanzia kushoto, basi akutane kwanza na anachokitaka zaidi. Zote mbili zina akili. Lakini aliyezoea upande mmoja kwa miaka kumi hasomi tena maandishi ya kitufe. Mkono wake umeshajua, na unatangulia macho. Kwangu mimi, suala la upande gani ni bora lina uzito mdogo. Kilicho na uzito ni kwamba mazoea hayo ni amana, na mwenye kupanga vitufe anaweza kuyaheshimu au kuyageuza mtego.

Tovuti za kwanza, zilizotoka katika maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa kuanzia 1990 na 1991, hazikuwa na vitufe vya kutuma chochote. Zilikuwa maandishi na viungo. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic, kilichoundwa Chuo Kikuu cha Illinois, kikaanza kuonyesha fomu: visanduku vya kuandikia na kitufe cha kutuma. Mwaka 1995 toleo la pili la lugha ya HTML likaweka utaratibu huo rasmi, na ndani yake mlikuwa na aina mbili za vitufe kwa ajili ya fomu. Kimoja cha kutuma. Kingine cha kufuta kila kitu kilichoandikwa.

Watengenezaji wa tovuti wakaviweka vyote viwili, vimeshikana, chini ya karibu kila fomu. Fikiria mtu aliyejaza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, maelezo ya kazi, pengine kwa intaneti ya simu ya mezani inayolipiwa kwa dakika. Anafika mwisho, anabofya haraka, na ukurasa unarudi mweupe. Hakuna onyo wala njia ya kurudi nyuma. Zilikuwa swichi mbili za B-17, na safari hii walizirudia watu wenye miaka hamsini ya utafiti nyuma yao. Mwezi Aprili 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu Mdenmark aliyekuwa akiishi Marekani, aliandika kwamba tovuti zingekuwa bora zaidi kama takriban vitufe vyote vya kufuta fomu vingeondolewa. Siku hizi ni nadra kukutana navyo, na aliyefikia umri wa kuvikumbuka hawezi kuvililia.

Kabla ya hapo, biashara ilikuwa imekwishagundua thamani ya kitufe. Mwaka 1997 Amazon ilianza kuuza kwa mbofyo mmoja: mteja aliyekwisha kuhifadhi kadi na anwani yake alikuta kitufe cha kununua kando ya kitabu chenyewe, na akikibofya basi ununuzi umekwisha. Septemba 28, 1999 kampuni ikapewa hataza ya jambo hilo nchini Marekani. Mwezi uliofuata ikaishtaki Barnes & Noble, na Desemba jaji akaizuia kampuni hiyo kutumia njia kama hiyo. Mshindani akalazimika kuongeza hatua moja. Hebu tulitafakari hilo: kampuni mbili kubwa zilipigana mahakamani juu ya mbofyo mmoja zaidi, kwa sababu zote mbili zilijua kwamba kila hatua inayoongezwa inapoteza wanunuzi. Rufaa iliondoa zuio hilo 2001, na wakamalizana 2002. Apple ilikuwa imekubali kulipia haki ya kuitumia hataza hiyo mwaka 2000. Muda wake uliisha 2017.

Ni kisa kingine, hata hivyo, ambacho wabunifu wa tovuti husimuliana zaidi. Jared Spool, mtafiti wa Marekani, alikieleza Januari 2009. Kampuni moja kubwa ya rejareja, ambayo hakuitaja, ilikuwa na fomu fupi mno: sehemu ya barua pepe, sehemu ya nenosiri, kitufe cha kuingia na kitufe cha kujisajili. Fomu yenyewe haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mahali pake. Mteja alikuwa amekwisha kuchagua bidhaa na kubofya kwenda kulipa, na kabla hajaonyeshwa pa kulipia, ukuta huo ukasimama mbele yake. Wapya walichukizwa: walikuja kununua, hawakuja kufanya urafiki na duka. Wa zamani hawakukumbuka nenosiri, wengine hawakukumbuka hata walitumia barua pepe ipi. Asilimia 45 ya wateja walikuwa na akaunti zaidi ya moja. Maombi ya kukumbushwa nenosiri yalifika 160,000 kwa siku, na wengi walioomba hawakumaliza kununua.

Kikaondolewa kitufe cha kujisajili, kikawekwa cha kuendelea, na sentensi inayosema kwamba akaunti si lazima. Kwa maelezo ya Spool, wanunuzi waliongezeka kwa asilimia 45, na katika mwaka wa kwanza mapato yaliongezeka kwa dola milioni 300. Bidhaa zilikuwa zilezile, bei zilezile.

Kisa hicho kiliwafundisha watu mambo mawili, na waliojifunza la kwanza si wote waliojifunza la pili. La kwanza ni kwamba kizuizi katika njia ya mteja kina gharama. La pili ni kwamba waliokitatua walifanya hivyo kwa kukaa na wateja, kuwatazama wakinunua na kuwasikiliza wakilalamika. Wakati huohuo ilikuwa ikikua njia nyingine isiyohitaji kumsikiliza yeyote. Unaunda kurasa mbili zinazotofautiana kwa jambo moja, unawagawia wageni nusu kwa nusu, unahesabu. Katika kampeni ya Barack Obama, Dan Siroker na wenzake walijaribu michanganyiko 24 ya picha, video na vitufe kwa wageni 310,382 wa ukurasa wa mbele. Wafanyakazi wa kampeni walipenda video zaidi. Video zote zilishindwa. Iliyoshinda ni picha ya familia ya mgombea pamoja na kitufe cha kumwalika mgeni ajue zaidi. Waliojiandikisha walipanda kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6.

Kipimo hicho ni chombo chenye nguvu, lakini kinajibu unachokiuliza tu. Ukikiuliza ni ukurasa upi watu wamebofya zaidi, kitakujibu. Hakitakwambia kama aliyebofya alielewa, wala kama kesho yake alijuta. Naamini hapa ndipo historia hii ilipopinda.

Mwaka 2007 ilitoka iPhone, na shabaha ikawa ya kugonga kwa kidole. Mwaka 2013 Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 mitaani, vituoni, katika mabasi na mikahawa. Kati ya waliokuwa wakigusa kioo, asilimia 49 walitumia mkono mmoja. Kidole gumba hufika kwa urahisi sehemu ya katikati na ya chini ya kioo. Pembe ya juu hukifanya kijinyooshe. Kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi walikutana na intaneti kwa simu kabla ya kompyuta ya mezani, huo ndio mpangilio wa kila siku: anayetaka uguse kitu hukiweka chini, na asiyetaka hukipandisha juu pembeni.

Mwaka 2010 Harry Brignull, Mwingereza mwenye shahada ya udaktari katika sayansi ya utambuzi, alianza kukusanya mifano ya mipangilio iliyotengenezwa makusudi kumpotosha mtumiaji, na kuzitaja kampuni kwa majina. Wengi walioitazama orodha yake walijikuta wanaijua bila kuwahi kuiita chochote.

Mfano uliomgusa kila mtu ulikuja na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018. Vidakuzi ni vipande vidogo vya data ambavyo tovuti huviacha ndani ya kifaa chako ili ikutambue, na kampuni za matangazo huvitumia kukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Sheria ilitaka idhini ya kweli. Walichopata watu ni hiki: unafungua gazeti kwenye simu, na kabla hujasoma mstari wa kwanza ubao unapanda kutoka chini na kufunika nusu ya habari. Chini kabisa, palepale kidole gumba kilipotulia, kuna kitufe kipana cha rangi iliyokolea: kubali vyote. Juu yake, kwa herufi nyembamba za kijivu, kuna maneno ya kukupeleka kwenye mipangilio. Kukataa kuko huko ndani, ukurasa wa pili, baada ya orodha ndefu ya makampuni na swichi za kuzima moja baada ya nyingine, na mwisho kitufe cha kuhifadhi ambacho mara nyingi kimekaa chini ya kingine cha kukubali vyote.

Watafiti wa Bochum, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Michigan, walijaribu ubao wa namna hiyo katika tovuti halisi ya Kijerumani kwa wageni zaidi ya 80,000, na kuchapisha matokeo 2019. Kwenye kompyuta, ubao uliowekwa chini kushoto ulijibiwa zaidi kuliko uliowekwa juu. Na pale ambapo hakuna kisanduku kilichowekewa alama mapema, ambapo mtu alipaswa kuchagua mwenyewe kila aina ya vidakuzi, walioruhusu vyote hawakufika asilimia 0.1. Mwaka uliofuata Midas Nouwens na wenzake waliangalia tovuti kubwa za Uingereza wakakuta asilimia 11.8 tu ndizo zilizotimiza masharti ya chini kabisa ya sheria. Katika jaribio lao wenyewe, kukiondoa kitufe cha kukataa kwenye ukurasa wa kwanza na kukipeleka ndani kuliongeza idhini kwa pointi za asilimia 22 hadi 23.

Matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yananitia uchungu. Aliyekubali kwa sababu kukataa kumefichwa hajakubali. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019, inayofuata kwa karibu ile ya Ulaya, inataka idhini iwe ya wazi, huru, mahususi na ya mtu aliyeelezwa. Masharti hayo hayana maana kama mahali pa kitufe panaachiwa upande mmoja kuamua.

Ufaransa ilikuwa ya kwanza kulipiga jambo hili kwa nguvu. Januari 6, 2022 mamlaka yake ya data, CNIL, ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Kosa lilielezwa kwa hesabu ya vidole: kukubali vidakuzi kulihitaji mbofyo mmoja, kukataa kulihitaji kadhaa. Kampuni zilipewa miezi mitatu, na kila siku ya kuchelewa baada ya hapo ingegharimu yuro 100,000. Aprili mwaka huohuo Google ilianza kuonyesha Wafaransa ubao mpya wenye kitufe cha kukataa vyote kando ya kile cha kukubali vyote, kwa ukubwa uleule. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: tangu Agosti 2012 sheria yake inataka kitufe cha kuagiza kiseme bayana kwamba kuagiza ni kulipa, na tangu Julai 2022 inataka tovuti inayosajili watu kwa mikataba ya kulipia mfululizo iwe na kitufe cha kuvunja mkataba, kinachopatikana wakati wote na kufikiwa kwa urahisi.

Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitangaza Desemba 2022 kwamba Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji. Vitufe vya mchezo huo havikufuata mpangilio mmoja. Kwa maelezo ya tume, mchezaji aliweza kutozwa alipokuwa anauamsha mchezo uliolala, alipokuwa anasubiri ufunguke, au alipogusa kitufe cha jirani akitaka tu kutazama bidhaa. Malalamiko yaliyoifikia kampuni yalipita milioni moja. Wachezaji wengi walikuwa watoto. Miaka themanini baada ya Chapanis kuingia ndani ya B-17, kitufe cha jirani kilikuwa kikifanya kazi ileile, tofauti ikiwa kwamba sasa kuna aliyefaidika kila kilipobonyezwa.

Juni 2023 tume hiyohiyo iliishtaki Amazon kuhusu uanachama wake wa kulipia, Prime. Kujiunga kulikuwa kwa mbofyo mmoja au miwili, na vitufe vyake vikubwa vilimkabili mnunuzi katikati ya kulipia kitu kingine. Kujitoa kulipitia kurasa nne, mibofyo sita na machaguo kumi na matano, njia ambayo ndani ya kampuni iliitwa Iliad, kwa jina la utenzi mrefu wa Homer juu ya vita ya Troya. Barani Ulaya, baada ya malalamiko ya mashirika ya watumiaji, kampuni ilikuwa imekubali tangu Julai 2022 kuwaachia watu wajitoe kwa mibofyo miwili. Kwa hiyo iliwezekana. Kilichokosekana kwa Wamarekani kilikuwa mtu wa kulazimisha.

Kesi iliisha Septemba 2025, siku chache tu tangu ianze kusikilizwa. Amazon, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola bilioni 2.5: bilioni moja ya faini, na bilioni moja na nusu ya kuwarudishia wateja wanaokadiriwa kufika milioni 35. Makubaliano yanaingia hadi ndani ya ukurasa wenyewe. Lazima pawe na kitufe cha wazi, kinachoonekana, cha kukataa Prime. Kile kilichomtaka mteja atamke kwamba hataki kusafirishiwa bure hakiruhusiwi tena. Kujitoa kusiwe kugumu, kusiwe na gharama wala kupoteza muda, na kufanyike kwa njia ileile mteja aliyojiungia. Msimamizi wa nje, anayelipwa na Amazon yenyewe, ndiye atakayekagua iwapo fedha zinagawiwa inavyotakiwa.